Mwanangu Alipona, Mimi Nikaitwa Mvivu

Mimi na mwanangu tuliumia siku moja, kwenye ngazi moja, kwa kabati moja.

Na msuli uleule! Shavu la mguu wa kushoto, mimi na yeye. Daktari alipoona picha zetu akacheka: "Nyie hata kuumia mnagawana?"

Sikucheka. Miguu ndiyo ofisi yetu.

Tunahamisha vyombo vya watu. Mwanangu mtaani wanamwita Winchi, maana akishika friji, friji inajua imeshikwa. Yeye juu, mimi chini, kila mtu na mkanda wake wa kubebea begani. Siku hiyo ngazi ilikuwa imetoka kupigwa deki. Kabati likatushukia, sote tukajikaza kulizuia, nikasikia paa! mguuni.

Tukapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo. Ana mashine ya mwanga wa leza. Unalala, unavaa miwani myeusi, anakuwekea kichwa cha mashine mguuni, kidoti chekundu kinawaka kwenye ngozi.

"Mwanga huu unausaidia msuli ujijenge," akasema. "Nyie kazaneni na mazoezi."

Winchi alianza na magongo. Wiki chache tu, anaruka ngazi. Mimi? Nikisimama kwa vidole, mguu unakataa katakata.

"Mzee, mazoezi unafanya kweli?" dada akaniuliza.

"Nafanya, binti yangu."

"Mbona mwenzako kapona? Mashine si ni hiihii?"

Ushahidi wenyewe uko mlangoni unarukaruka.

Nyumbani ndiyo balaa. Nikikaa, mke wangu: "Inuka!" Nikikunja uso: "Acha kudeka, mwanao aliumia vilevile." Nilikuwa nafanya mazoezi nimeshika sinki la jikoni mpaka machozi yananitoka. Bahati yeye alikuwa anakata vitunguu, nikavisingizia.

Jamani, inauma kuitwa mvivu na wewe umejitahidi mpaka basi.

Asubuhi moja Winchi akaja, akasimama mlangoni anaangalia chini.

"Baba, wateja wamejaa. Kuna jamaa atanisaidia. Kwa muda tu."

"Sawa."

"Hana mkanda."

Nikautoa wangu kwenye msumari, nikampa.

Sasa sikia. Juzi nimelala kwa dada, kidoti kinawaka kama kawaida, akaingia fundi wa mashine kuja kukagua. Akaweka kipimo chake mbele ya mwanga. Akakitikisa. Akaweka tena.

"Dada, hii inatibu nini?"

"Misuli. Si unaona inawaka?"

"Hiki chekundu ni cha kukuonyesha pa kulenga tu. Mwanga wenyewe wa tiba hauonekani kwa macho. Na humu haupo."

Akaifungua. Waya umeungua, na vumbi limeganda juu yake.

"Huu umekufa zamani sana," akasema.

"Haiwezekani! Wagonjwa wangu wanapona!"

"Wepi?"

Dada akatazama daftari lake la wagonjwa. Akaniangalia.

"Vijana," akasema.

Nilibaki nimelala na miwani yangu myeusi kama mjinga. Kumbe Winchi hakuponywa na mashine. Damu yake bado inachemka, mwili ulijitengeneza wenyewe. Wangu ndio uliohitaji kusaidiwa, nao ukawa unamulikwa na taa ya kulengea!

Dada alilia. Nikamuuliza, ikitengenezwa nitapona?

"Labda itasaidia kidogo, baba. Kwa umri wako, na muda uliopita, sitaki kukudanganya."

Jioni Winchi akaja mbio.

"Baba, mama kaniambia. Nimekurudishia mkanda wako."

Nikaushika. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya, yule jamaa ni mwembamba.

"Mwenzako kesho atabebea nini?"

Nikamrudishia. Akauchukua.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na sinki. Safari hii hakuniambia niinuke. Alivuta kiti, akakaa na mimi, na hilo ndilo lililonivunja kabisa.

Wewe unayeuguza mzee, nakuomba kitu kimoja. Usimwonyeshe kijana aliyepona ukamwuliza mbona mwenzako. Akikwambia anajitahidi, mwamini kwanza. Halafu nenda kaangalie mashine.