Ngano ya Jirani Juu ya Lava

Lava ya volkano ilipoteketeza nyumba yetu ya mtaa wa Murara, kiwanja kilibaki jiwe jeusi tupu. Kisha waasi wakafunga barabara ya Rutshuru, iliyoleta chakula mjini, na unga wa ngano ukaadimika. Mama mmoja wa mtaani mwenye tanuru la mikate akatuambia mimi na jirani yangu, kijana wa Butembo: "Mulime ngano. Nitaangalia misimu mbili. Mwenye atavuna vizuri, nitamupa kazi ya tanuru."

Nilikuwa nimetangatanga miaka mingi nikitafuta kazi. Kazi hiyo niliitaka sana.

Kwetu, anayetaka kulima juu ya lava hubeba udongo kwa magunia na kuumwaga juu ya mawe. Wangu niliuparua kando ya barabara, mwembamba, umechoka. Nikapanda ngano ya bibi yangu, ya zamani, yenye mabua marefu. Jirani alipanda ngano fupi ya kwao, kwenye udongo aliouchanganya na samadi ya ng'ombe wa wafugaji waliokimbilia mjini.

Ngano yangu ilitoa masuke madogo, lakini yenye punje. Yake iliinama kwa uzito. Kila asubuhi nilisimama mpakani nikiitazama mpaka chai ikapoa mkononi. Nikaamini kuwa siri ni mbegu.

Msimu wa pili nikamwomba mbegu yake.

"Chukua, kaka," akasema, akanijazia kopo. Afadhali angeninyima. "Na mimi unipatie kidogo ya bibi yako, niijaribu pale kwa kona."

Mbegu yake kwangu iliota njano, ikakomea magotini. Ya bibi, kwenye kona yake yenye samadi, ilirefuka kupita kiasi, na mvua ya kwanza ikailaza chini yote.

"Imeshiba mpaka imelewa," jirani akacheka. Nilifurahi kuiona imelala. Lakini ile fupi, katika shamba lake lote lililobaki, ilisimama imejaa.

Mama wa tanuru akaja. Akasugua suke langu kiganjani, akapuliza, yakabaki makapi. Akaniambia:

"Papa, hii ngano inapenda kula. Ile ya bibi yako ilizoea njaa. Juu ya nini uliiacha, sababu gani?"

Angejuaje nilivyokuwa nikisimama pale mpakani?

Kazi akapewa jirani. Mkate wake wa kwanza aliniletea mwenyewe, ungali moto. Nilikula wote mbele yake. Ulikuwa mtamu, na utamu huo ulinikera siku nzima.