Korongo Asiyegeuza Shingo

Mtacheka, ndugu zangu, lakini mimi bado nina hasira.

Bwana Hemedi, mwenye studio ya picha ninayofanyia kazi hapa Kanyenye, alinipa filamu yake ya mwisho, na siku hizi filamu ni adimu mjini. Alitaka picha ya korongo wa majarubani nyuma ya soko, aipeleke maonyesho ya Saba Saba.

"Ukiiharibu, unarudi kwenye ufagio," alisema.

Nilimkuta korongo amesimama katikati ya mpunga, mweupe, ametulia. Nikajilaza topeni. Watoto walikuja wakacheka, nikadhani wanacheka matope yangu. Nikawanyamazisha kwa ukali, mimi ambaye hata salamu naitoa kwa kunong'ona.

Aliyeniudhi zaidi ni ndege mwenyewe. Nilimpigia mluzi, nikampigia makofi, wala hakugeuza shingo. Kiburi gani hiki! Nikapiga picha za ubavu ule ule mpaka filamu ikaisha.

Ndipo akaja bibi mmoja, jembe begani.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usimtishe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimtishe nani, huyu?" Akaingia jarubani, akamkamata korongo wangu shingo. "Huyu nimemshona kwa kanzu kuukuu ya babu yako, afukuze ndege wanaokula mpunga."

Watoto walianguka kwa kicheko. Bibi akanihurumia. Aliung'oa mti aliomfungia, akamgeuza, akamchomeka upya.

"Haya, sasa anakutazama. Mpige picha."