Msoma Gazeti wa Saluni ya Mama Dorcas

Enzi zetu hapa Durban, sisi watoto wa wageni, habari haikuja yenyewe mfukoni ikitetemeka kama siku hizi. Habari ilirushwa mlangoni. Kila Alhamisi gari dogo lilipita mtaani kwetu, na mtu aliyekaa nyuma akatupa mafungu ya gazeti la bure la mtaa mbele ya jengo letu. Ukichelewa kuokota, ujue limeshafuta vioo au limefungia samaki.

Jengo lenyewe lilikuwa katikati ya mji, ghorofa sita, na lifti iliyokufa kabla hatujahamia. Humo mlijaa Warundi kama sisi, Wakongo, Watanzania wachache waliotucheka Kiswahili chetu, na Mkenya mmoja aliyetucheka sote. Ukipanda ngazi jioni ulijua kila mtu anakula nini: ghorofa ya pili ndagala, dagaa wa kwetu, ya tatu sombe ya majani ya muhogo, ya nne mchuzi wa jirani Mhindi uliokutoa machozi ukiwa bado koridoni. Michezo yetu ilikuwa kuruka kamba humo humo koridoni, na kuteleza kwenye ngazi tukikalia maboksi hadi suruali za shule zikatoboka. Leo mtoto umpe ngazi na boksi, atakuuliza chaji iko wapi!

Wazazi wetu walijua Kifaransa, Kirundi na Kiswahili. Kiingereza chao kilikuwa cha sokoni, Kizulu chao cha kusimamisha taksi, daladala za huku. Sisi tulikwenda shule, na baada ya mwaka mmoja lugha zote mbili zilitukaa mdomoni. Basi kila mtoto akawa mkalimani. Ulitolewa darasani ukamsindikize mtu kliniki, ukaamka alfajiri kusindikiza mwingine kurefusha makaratasi ya ukaazi. Hata mikutano ya wazazi tulitafsiri wenyewe. Mwalimu wangu alisema, "Aline anaongea kupita kiasi," nami nikamgeukia mama, nikamwambia, "Anasema ninashiriki sana." Mama akafurahi, akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili.

Mimi basi, nikiwa na miaka kumi, nilikuwa na cheo. Nilikuwa msoma gazeti wa saluni ya Mama Dorcas, Mkongo wa Bukavu aliyesukia watu nywele pale chini ya jengo. Kila Alhamisi nikitoka shule nilikalia kile kiti chake cha kuzunguka, magwinya mawili ya moto, yale maandazi ya huku, yakiningoja kwenye kisahani, na wanawake wakanyamaza. Mama Dorcas alishika kitana juu kama kiongozi wa kwaya, akasema, "Bon. Iko nini leo?"

Nikawasomea. Roboti, yaani taa za kuongoza magari, zimeharibika Sydenham. Mashindano ya kuvua samaki kule Bluff. Umeme utakatika mtaa fulani. Mbwa amepotea, anaitwa kwa jina na picha yake hii hapa, na saluni nzima ikaangua kicheko, maana mbwa mwenye picha gazetini hawakuwahi kumwona. Lakini kilichomshangaza Mama Dorcas kuliko mbwa ni kile kisanduku kidogo ambamo gazeti liliomba radhi kwa kukosea jina la mtu wiki iliyopita. "Gazeti nzima inaomba msamaha juu ya jina?" Kila wiki aliniuliza kama kisanduku kipo, na kikiwepo alitaka nikisome mara mbili.

Sasa ikaja wiki ya harusi ya Shangazi Godelive, dada yake baba. Alikuwa akae saluni Alhamisi na Ijumaa, aolewe Jumamosi kanisani, na chakula kipikwe kwetu na kwa majirani. Miaka yote aliyokaa nchi hii alikuwa akisuka watu wengine kwa ajili ya harusi zao. Safari hii ilikuwa zamu yake, na alikuwa hashikiki kwa furaha.

Alhamisi hiyo nikarudi shule, nikakuta mafundi wanapaka rangi mlango wa jengo. Mafungu yote ya gazeti wameyatandaza sakafuni. Habari zote za Durban ziko chini ya rangi nyeupe! Nikachungulia saluni: imejaa kuliko siku zote, vichwa saba vinangoja, magwinya yanatoa moshi. Ningesema tu kwamba leo hakuna gazeti, yangeisha. Lakini cheo ni kitu kibaya ukiwa na miaka kumi.

Nikapanda juu mbio, nikafungua kabati la mama, nikainua nguo zake kwenye ubao wa chini, nikachomoa gazeti alilotandika hapo miezi mingi nyuma. Nikalikunja tarehe ikae ndani. Nilijiambia mbwa ni mbwa, wa zamani na wa leo nani atawatofautisha?

Nikakaa kitini, nikaanza. Mbwa wa kwanza akapita vizuri, watu wakacheka. Kisha jicho likaangukia tangazo lingine, na mdomo uliozoea kazi ukawa umeshaanza kulisoma: maji yatakatwa mitaa yetu siku ya Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Shangazi Godelive akatoa kichwa chini ya mashine ya kukaushia. "Jumamosi yangu?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Badala yake, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ndiyo, Shangazi. Jumamosi yako."

Jamani, patashika! Jioni hiyo hakikubaki chombo kikavu ndani ya jengo. Mabeseni, madumu, ndoo za kusafishia, mabafu yote yakajazwa mpaka pomoni. Mama Dorcas akampigia simu Bibi Zuleha wa Chatsworth, nje kidogo ya mji. Bibi huyu alizaliwa hapa hapa Durban, katika ukoo wa wale wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao walikaa kwanza Bluff kabla ya kuhamishwa na serikali ya ubaguzi. Alikuwa akituletea sambusa saluni, na akikaa kidogo kusikiliza Kiswahili chetu, maana yeye alibakiwa na maneno machache ya bibi yake. Akasema uwanja wake una mabomba mawili na nafasi tele, tulete sufuria. Ijumaa asubuhi sufuria zote kubwa zikapakiwa kwenye baki, pikapu ya jirani, zikaenda.

Kabla sijaenda shule nilimkuta Shangazi jikoni kwetu peke yake, ameegemea sinki, analia. Wenzake wa kwaya walikuwa wapike hapa, waimbe hapa, wamvalishe hapa. Sasa nusu wataenda Chatsworth na nusu hawatafika kabisa. Aliniona, akajifuta kwa kanga, akajaribu kucheka. "Hata maji ya nchi hii inanikataa, Aline."

Siku hiyo shuleni sikuelewa hata neno moja. 

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amefungua kabati kuchukua nguo zake za harusi. Nguo amezipakata, na anaangalia ubao mtupu. Mama yangu si mtu wa kupiga kelele, na mimi ningependa angepiga.

"Aline. Karatasi ya kabati iko wapi?"

Nikasema yote. Nilisema hata ambayo hakuuliza, pamoja na yale ya mwalimu kuhusu kushiriki. Mama akakaa kitandani.

"Gazeti ikikosea, inafanya nini?"

"Inaomba radhi, Mama."

"Inaombea wapi?"

"Mule mule ndani ya gazeti."

"Basi chukua kalamu." Akanishika kidevu nimtazame. "Sikiliza, mwanangu. Sisi hapa ni wageni. Hatusikii redio yao vizuri, masikio yetu ni nyinyi watoto. Siku ile gazeti itasema tufunge milango, nani atakusikia kama leo umewadanganya juu ya maji?"

Nikaandika kwenye ukurasa wa daftari, mama akanishusha ngazi zote amenishika mkono. Saluni ilikuwa imejaa. Akawaomba wanyamaze, akaniambia nikae kiti kile kile. Magwinya hayakuwepo. Nikasoma kama nilivyozoea:

"Masahihisho. Jana msomaji alisoma gazeti la zamani, akijua ni la zamani. Maji hayatakatwa kesho. Msomaji anaomba radhi kwa Shangazi Godelive, kwa Mama Dorcas, na kwa wote waliojaza ndoo."

Shangazi Godelive akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nikafumba macho kungoja kofi.

"Maji haikatwi?"

"Haikatwi, Shangazi."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akapiga vigelegele hadi mafundi wa rangi wakaja kuchungulia. Alinibeba na miaka yangu kumi, ananibusu huku analia, na saluni nzima ikapasuka kicheko. "Eish!" akasema Mama Dorcas. "Na mimi nimejaza mpaka birika ya chai!" Kisha akanitangazia hukumu: wiki tatu bila kiti na bila magwinya.

Harusi ilikuwa tamu ajabu. Bibi Zuleha alikataa kurudisha sufuria, alishamenya viazi, akapika biriani ya Durban yenye dengu, ikaja kukaa meza moja na sombe yetu na maharage. Kwaya ilimvalisha Shangazi nyumbani kama alivyotaka. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwaga maji aliyoyapandisha kwa jasho, siku tatu nzima tulioga kwa kopo, mabomba yakituangalia.

Miezi ikapita, ikaja ile wiki ambayo wageni walikuwa wakishambuliwa mjini, wakawa wanafunga maduka mapema, na wazazi walitukataza kuongea Kiswahili ndani ya taksi. Alhamisi saluni haikuwa na mteja hata mmoja, lakini ilijaa watu, wanaume pia, baba yangu kati yao. Kila mmoja amekuja na uvumi wake. Nilisimama mlangoni na gazeti, la siku hiyo hiyo, tarehe iko nje. Mama Dorcas akainuka kwenye kiti chake. "Mumuachie mtoto nafasi. Huyu akisema, iko kweli." Nikawasomea barabara za kuepuka na namba za kupiga simu, neno kwa neno, wakanisikiliza. Kule nyuma nilimwona mama ameinamisha kichwa, anatabasamu.

Siku hizi saluni imekuwa duka la simu, Mama Dorcas ameenda kuishi kwa mtoto wake Canada, na wale wa jengo wote tumebaki kwenye kundi la WhatsApp. Mimi bado niko Durban, mtaa wa Sydenham. Habari sasa zinakuja mia kwa siku, na vijana wetu wanazirusha bila kusoma. Akikosea, anafuta. Unakuta tu ujumbe umefutwa, na mtu anaendelea kutuma picha za chakula kana kwamba hukumwona. Hakuna wa kumshusha ngazi zote amemshika mkono.

Wiki iliyopita mama, ambaye sasa ana simu kubwa kuliko pochi yake, alituma tangazo kundini: maji yatakatwa kesho, jazeni. Nikajaza ndoo mbili haraka, ndipo nikalisoma vizuri. Lilikuwa la miaka miwili nyuma. Nikampigia.

"Mama, hii ni ya zamani. Ifute tu, wengi hawajaiona."

"Kufuta ndiyo nini?" akasema, akakata simu.

Dakika tano baadaye ikaingia sauti yake kundini, nzito, ya kusoma, na nyuma yake karatasi inasikika ikichakacha: "Masahihisho. Mimi Mama Aline leo nimetuma habari ya zamani. Maji haitakatwa. Ninaomba radhi kwa wote waliojaza ndoo."

Niliisikiliza nimekaa ukingoni mwa bafu, nikairudia mara mbili, kama alivyopenda Mama Dorcas.