Baba Mkwe Yumo Kwenye Grupu

Kwenye grupu la WhatsApp la Tujitenge, Joyline alikuwa moto wa kuotea mbali. Mchuma chai huyu wa karibu na Itumbe alitaka kijiji chao kipewe kata ndogo yake, na sababu alikuwa nayo: alipoteza siku tatu za kuchuma akifuata barua moja ya kuombea mtoto bursari ya karo kwa chifu msaidizi aliye ng'ambo ya mto. Basi aliandika, akatuma sauti, akabandika hata ramani aliyoichora mwenyewe.

Aliyempinga hasa ni Mzee Machogu, baba mkwe wake.

"Ukoo haugawanywi kama shamba," mzee aliandika.

"Tata, shamba tumeshaligawa mara nne na bado tunasalimiana," Joyline akajibu, akimwita baba kwa Kigusii. Watu mia mbili wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka nao.

Lakini uso kwa uso, thubutu! Kwa Wagusii mkaza mwana hamkazii macho baba mkwe, seuze kubishana naye. Hiyo ndiyo ensoni, na haina mchezo. Joyline alimpelekea mzee chai kibarazani, akaiweka, macho chini, akaondoka. Kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake, wakaendelea kurushiana maneno.

Siku ya kutoa maoni kuhusu kata hiyo ikafika, watu wakajaa ukumbini. Afisa aliyetumwa na serikali akasema wazi kwamba ya kwenye simu hayaandikwi. Anaandika yatakayosemwa mle ukumbini tu. Wanawake wakamsukuma Joyline mbele. Na nani ameketi mstari wa kwanza? Mzee Machogu, fimbo magotini. Heshima si utumwa, wanasema, lakini siku hiyo ilimfunga Joyline ulimi kabisa.

Afisa akatazama saa. "Kama hakuna wa kuunga mkono, nafunga."

Joyline aliiona kata ndogo ikimponyoka hivi hivi, akaumia moyo.

Hapo Mzee Machogu akainuka, akavaa kofia, akatoka nje. Wengine wakadhani amekasirika. Wapi! Baba mkwe hayupo tena mbele yake, Joyline akaanza na ile barua ya bursari, akaja kwa wazee wanaovuka mto mvua ikinyesha, akamaliza na ramani yake. Afisa alijaza kurasa mbili.

Alipoketi, simu zikalia ukumbi mzima. Ujumbe ulikuwa wa mzee, aliyesimama nyuma ya ukuta:

"Nimesikiliza yote dirishani. Mimi bado napinga. Lakini huyo afisa asiache hata neno moja la binti yangu."