Utumbo Mkavu wa Kinue

Dada yangu Kinue aliishi Nagoya akiogopa swali moja tu: "Kwenu ni wapi?"

Kwetu ni mtaa wa ngozi, kando ya mto, nje ya Osaka. Mababu zetu walichuna ng'ombe, ndiyo maana tukaitwa wachafu. Sheria ililifuta jina hilo kabla bibi yangu hajazaliwa, midomo ya watu haikulifuta. Viatu vyetu wanavivaa, sisi wenyewe hawatutaki!

Mumewe Kinue alizikwa bila kujua mkewe alitoka wapi. Kitu kimoja tu kilimshinda dada kuacha: utumbo wa ng'ombe uliokaangwa hadi ukakauka. Kwingine hawauli, kwetu ndio utamu wenyewe. Nilimpelekea kila nilipokwenda, naye akamlisha bintiye Chizuru bila kumwambia ni chakula cha akina nani.

Chizuru akapata mchumba. Mama wa kijana huyo, Bi Okumura, akaja naye mchana kuiona familia, na sote tulijua watu hukodi wapelelezi wachimbue ukoo wa bibi harusi. Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea Kinue, naye akaniketisha pembeni kabisa.

"Mikono yako ifiche chini ya meza," akaninong'oneza. "Ina rangi ya dawa ya kutengenezea ngozi."

"Niikate kabisa?"

Hakucheka.

Mgeni akala, akasifu samaki. Chizuru, furaha imemzidi, akadakia: "Samaki si kitu, mama! Siku moja mama yangu akupikie kabichi na ule utumbo mkavu anaotuletea mama mdogo. Utajilamba vidole!"

Kinue akabaki na vijiti vyake vya kulia hewani.

"Utumbo?" Bi Okumura akauliza polepole. "Wa ng'ombe?"

"Anatania tu huyu," dada akasema.

Bi Okumura akaweka vijiti chini, akaomba aonyeshwe choo. Kinue akamwongoza. Nikawafuata, nikihofia dada ataanguka. Tulipofika nje ya mlango wa choo, mgeni akamkamata mkono. Nikajua uchumba umevunjika.

"Mama yangu alikuwa akiupika na figili," akanong'ona. "Mume wangu hajui. Mwanangu hajui. Nakuomba, dada yangu, usinitaje."

Walishikana pale, wote wawili wakilia bila sauti, huku vijana wakicheka sebuleni.

Harusi ilifungwa. Mpaka leo Chizuru akitaja utumbo mkavu, mama yake na mama mkwe wanamkaripia kwa pamoja, naye hajui kosa lake.