Mueni wa saiba ajitoa kwenye ukurasa wa babu yake

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mueni Kimanzi anainama chini ya meza ya mbao na kuwasha kompyuta ya kwanza kati ya sita. Anasubiri iungurume vizuri, kisha anahamia ya pili. Vumbi la barabara limeshaingia dirishani, naye analifuta kwa kitambaa kibichi. Nje, mji wa Machakos unafungua maduka. Ndani, mteja wa kwanza ameshaketi, anataka achapiwe ratiba ya mazishi.

"Picha ya marehemu iwe kubwa, dada."

"Kubwa kiasi gani? Na jina lake linataka mahali pa kukaa."

Mueni ana miaka ishirini na minne. Ameifanya kazi hii ya saiba, duka la kompyuta na mtandao, tangu 2004, na mshahara wake sasa umefika shilingi elfu sita kwa mwezi. Shule aliishia darasa la nane. Kupiga chapa alijifunzia hapa hapa, kwa ratiba za mazishi na kadi za harambee za watu wengine, mpaka vidole vikaijua njia vyenyewe.

Ana kazi nyingine, hii haina mshahara. Wateja wakipungua, hufungua kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuisahihisha, akaongeza kurasa kwa Kiswahili. Mito, vilima, masoko, mboga za kienyeji. Kufikia Septemba hii ya 2008, ameandika kurasa arobaini na tatu, zote kwa jina la Mueni wa Machakos.

"Mwanafunzi alikuja na kazi ya shule, anatafuta habari za bwawa kwa Kiswahili," anasema. "Tukatafuta, hakuna kitu. Niliona haya, kama mgeni amefika na nyumbani hakuna hata chai."

Ukurasa mmoja kati ya hizo nusura umharibie jina lake.

Ni ukurasa mfupi, mistari tisa tu, juu ya soko la ng'ombe la Kwa Ngolya, njia ya kwenda Kivaa. Aliandika kwamba soko lilianza 1961, kwamba hukutana kila Jumanne, na kwamba huwaleta pamoja wakulima wa vijijini na wachuuzi wa Kisomali wa mjini. Habari hizo alizitoa katika kijitabu cha jubilei ya kanisa. Mwanzilishi hakumtaja, kwa sababu kijitabu nacho hakikumtaja.

Mwaka huu kamati ya soko iliamua kujenga lango jipya na kuandika juu yake jina la mwanzilishi. Hapo ndipo watu walipoanza kuusoma ukurasa wa Mueni.

Wa kwanza alikuwa tajiri wake, Mustaf Abdille, mfanyabiashara wa mifugo na mwenye saiba. Alisoma mistari yote tisa, akavua miwani.

"Mueni, mzee wangu hayuko hapa."

"Hayuko, mzee."

"Baba yangu Abdille ndiye alifikisha ng'ombe wa kwanza pale. Hata mawe ya Kwa Ngolya yanajua. Mwandike, nichape, nipeleke kwa kamati."

"Mawe hayaulizwi, mzee. Na mimi nakula mshahara wako."

"Kwa hivyo mshahara wangu sasa umekuwa kosa?" Mustaf alicheka, lakini hakuondoka upesi.

Wiki iliyofuata alifika Bartholomew Kimanzi, mdogo wa marehemu baba yake Mueni, ametoka shambani na mfuko wa ndengu begani.

"Mwiitu wakwa," alimwita, yaani binti yangu, "hiyo shamba ya soko ilikuwa ya babu yako. Kimanzi aliipeana bure. Na wewe ndio uko na mashine siku mzima. Unangoja nini?"

"Nikiandika mimi, baba mdogo, nitakuwa nimejisifu."

"Nani atajua? Watu wa mtandao wanajua ukoo wetu?"

"Mimi najua."

Bartholomew alimwachia ndengu, lakini kwaheri hakusema.

Katika kamusi elezo hiyo, mwenye undugu au ajira na mtu anayeandikwa hutarajiwa aseme hivyo waziwazi, kisha awaachie wengine ukurasa. Mueni anasema hilo hakufundishwa na mtandao. Baba yake alikuwa mzee wa kijiji.

"Kesi ya ndugu yake ikiletwa, baba anasema anachojua, halafu anatoka. Anaenda kukaa na akina mama kisimani mpaka iishe. Walimcheka sana. Lakini hakuna mtu alisema kesi imeamuliwa jikoni kwetu."

Pamoja na kuyajua hayo, aliteleza.

Jumatatu moja mwezi wa Agosti, Farhia, binti wa Mustaf, aliketi kwenye kompyuta ya nne akaandika kwamba soko lilianzishwa na Abdille. Alhamisi, Bartholomew alirudi, akalipia dakika ishirini kwenye kompyuta ya pili, na kwa kidole kimoja akaandika kwamba lilianzishwa na Kimanzi. Mueni aliwaona wote wawili. Hakuwazuia, mteja akishalipa, kioo ni chake.

Bartholomew alipotoka tu, Mueni alifungua ukurasa akafuta maneno ya wote wawili.

"Nilifuta kama ninavyofuta vumbi," anasema. "Mimi ndio natunza hizi mashine. Sikufikiri kwamba ule ukurasa si mashine."

Asichokumbuka ni kwamba kompyuta zote sita hutoka nje kwa namba moja ya mtandao. Kwa wahariri waliokuwa mbali, ilionekana kama mtu mmoja wa Machakos anaandika hiki, anaandika kile, kisha anajifuta mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa Tanga, mmoja wa wasimamizi wa kamusi hiyo, alifungia namba ya saiba kwa wiki mbili. Akamwachia Mueni ujumbe: "Ndugu yangu, kurasa zako nimezipenda siku zote. Hizi kompyuta ni za nani, na hawa watu wawili ni nani wako?"

Asipojibu, kurasa zake zote arobaini na tatu zingeanza kutiliwa shaka. Akijibu, angewataja tajiri wake na ukoo wake mbele ya watu.

Alikwenda kwanza kwa Mustaf.

"Ukisema mimi ni tajiri wako, watasema nimekununua," Mustaf alimwambia.

"Wakigundua wenyewe, watasema hivyo na zaidi, mzee."

"Na nikikukataza?"

"Nitatii kwa kazi zote za hapa dukani. Lakini jina ninaloandikia ni langu."

Mueni anasema usiku ule alijiona kama mtu ameshafukuzwa, anangoja tu kuambiwa.

Namba ilipofunguliwa, aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Naitwa Mueni Kimanzi. Nimeajiriwa na mtoto wa Abdille. Kimanzi ni babu yangu. Walioandika ni wateja wa duka ninamofanya kazi, nami nawafahamu. Nilifuta maneno yao nikidhani nasafisha. Haikuwa kazi yangu. Ukurasa huu sitaugusa tena. Kila upande una karatasi zake za nyumbani. Nimeziona, lakini sina haki ya kuzipima."

Mwalimu wa Tanga alijibu siku hiyo hiyo. Karatasi za nyumbani hazitoshi, alisema. Litafutwe gazeti au kitabu. Kisha akaurudisha ukurasa kwenye mistari yake tisa, bila mwanzilishi.

Kamati imeahirisha kuandika jina, na lango linasimama tupu. Bartholomew hajafika mjini tangu hapo. "Amesema mimi nimeuza babu kwa Msomali," Mueni anasema bila kuinua sauti. "Na Farhia anasema nimemnyima babu yake kwa ajili ya wangu. Basi angalau wamenigawana sawa."

Mustaf hakumfukuza. Kwa siku tisa alimsalimia kwa kidevu tu. Siku ya kumi alimletea barua ya kuchapa, akamwambia kuwa mjini Nairobi yapo magazeti ya zamani, yamehifadhiwa, na mtu huruhusiwa kuyasoma.

Mueni ameomba ruhusa ya Alhamisi mbili za Oktoba. Atasoma magazeti ya 1961, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa anasema subira anayo. Akilipata soko la Kwa Ngolya, hataliandika yeye. Atampelekea mwalimu wa Tanga jina la gazeti na tarehe, aandike atakachokikuta.

"Na likisema ni Abdille?" mwandishi anamuuliza.

"Itaandikwa Abdille. Mimi ndio nitaenda kumwambia baba mdogo, uso kwa uso."

Mustaf amejitolea kumlipia nauli. Mueni amemshukuru, akaikataa.