Mkwe Anayegawanya Volti

Mama mkwe alikuwa hajamwona mkwe wake akiwasha kitu chochote kabla ya kukipigia hesabu. Ikiwa ni pasi, ataigeuza chali kama mtoto anayebadilishwa nepi, asome maandishi yake madogo, alambe ncha ya kalamu na kuandika kiganjani: volti, ampea, mstari wa kugawanya. Alikuwa karani wa stoo, mikono laini, na sauti yake ilipanda kila alipotaja neno "ukinzani", utadhani amelizaa yeye.

Asubuhi moja mama aliomba maji ya moto ya kuoga, basi.

"Subiri, mama, umeme hauendi kwa kubahatisha," mkwe akasema, akisoma kitako cha birika la umeme. "Volti mia mbili arobaini, ampea kumi. Tunagawanya. Wati ishirini na nne! Hili halifui dafu hata kwa balbu ya chooni."

Mkewe, ambaye ndiye aliyesoma fizikia, akamwambia taratibu, "Baba watoto, ukigawanya unapata ukinzani. Wati unazidisha."

"Kwani mwanamume wa nyumba hii ni nani?"

Akachomeka birika, pasi na jiko la umeme kwenye soketi moja, eti wati zenyewe ni chache. Haikuchukua muda. Soketi ikafuka moshi, plastiki ikanuka, mkewe akakimbilia swichi kuu na kuzima umeme wa nyumba nzima.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, akichukua taulo lake, "mimi nitaoga ya baridi."

Mkwe akakohoa. "Hesabu ilikuwa sahihi, mama. Soketi ndiyo haijasoma."